Mwanzi wa Bwawa la Babu

Utupa uliotwangwa hunuka vibaya. Ni ukali wa jani bichi unaopanda puani na kukaa humo, na mama alipouchanganya na mkojo wa ng'ombe uliolazwa siku tatu kwenye pipa, machozi yalikutoka ukiwa bado nje ya ua. Nililala na harufu hiyo na kuamka nayo, nikaenda nayo shuleni mpaka wenzangu wakaniita Kupe, kwa madai kwamba mama ananiogesha pamoja na ng'ombe. Wawili niliwapiga kwa ajili ya jina hilo na mmoja akanipiga mimi. Leo ni mtu mzima, nina nyumba yangu Tukuyu mjini na bustani nyuma ya nyumba, na vikundi vya akina mama huniita niwafundishe kulima bila dawa za dukani. Kila ninakokwenda hakosekani mtu wa kusimama na simu kubwa mkononi, kutuambia kwamba vitu vya asili havina madhara kwa sababu amesoma mahali. Huwa namwangalia bila kumjibu mpaka akae mwenyewe. Mimi nimeona jani likiua bwawa zima mchana kweupe, na nimeona lilichowafanyia watu waliobaki hai, na katika hayo yote mkono wangu ulikuwemo.

Nyumbani kwetu ni Masukulu, kwenye mteremko ambao udongo wake ni mweusi na haujui kunyima. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai mbali na nyumbani, akija mara moja kwa mwezi, kwa hiyo shamba, ng'ombe wawili na mimi tulikuwa chini ya mama. Wanaodhani bustani ya mboga ni mahali pa kupumzisha roho hawakuiona ya mama. Mama alikuwa anaua tangu jua linachomoza. Viwavi wa kabichi aliwaponda kati ya vidole viwili, mmoja mmoja, bila hata kuwaangalia, huku akinisimulia habari nyingine kabisa. Konokono aliwakusanya kwenye kopo na kuwasaga kwa jiwe. Fuko ndio aliowachukia kwa moyo wote, maana fuko haonekani. Unauona mgomba umesimama vizuri na mkungu wake, kesho yake umelala chini, na ukiutazama shina unakuta mizizi imetafunwa yote. Alipanda utupa kuzunguka shamba zima, vichaka vya urefu wa mtu, kwa sababu fuko hawapendi kuchimba karibu nao. Waliothubutu kupita aliwategea kitanzi kilichofungwa kwenye fimbo iliyopindwa. Fuko akigusa uzi ndani ya shimo, fimbo inafyatuka na kumtoa nje akining'inia. Mama alimmalizia kwa ubapa wa jembe, akamfukia chini ya mgomba uleule aliotaka kuutafuna, na kuuambia mgomba, "Haya, sasa kula wewe." Ilikuwa furaha yake, na sitamsingizia upole ambao hakuwa nao.

Utupa ndio uliokuwa silaha yake kubwa. Alichuma majani asubuhi, akayatwanga kwenye kinu kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, akayaloweka mpaka kesho yake pamoja na kipande cha sabuni ya mche, akachuja. Mboga alizinyunyizia kwa fagio la majani. Kila baada ya majuma mawili aliwaogesha ng'ombe. Aliwaingiza kwenye mfereji uliopita chini ya shamba letu, akawamwagia dawa mgongoni kwa kibuyu, na kupe waliovimba damu wakaanza kudondoka majini kama maharage. Lakini utupa una jambo lake jingine, na wazee wa kwetu walilijua kabla yetu sote: unaua samaki. Zamani watu waliutwanga na kuumwaga kwenye vijito, samaki wakapanda juu wamelegea, wakaokotwa kwa mikono. Ng'ombe akiogeshwa nao anaondoka mzima, lakini samaki hana ujanja mbele yake. Na mfereji ule, ukitoka kwetu, ulikwenda moja kwa moja kwenye bwawa la babu.

Babu, baba yake baba, alikaa ng'ambo ya mfereji pamoja na mwanawe wa mwisho, baba mdogo Ambakisye, ambaye alikuwa hajaoa. Bwawa lao lilikuwa la kwanza kijijini. Walilichimba wawili kwa majembe kiangazi kizima, wakapandikiza perege, wakawalisha pumba na majani ya magimbi, na jioni babu alikaa kwenye ukingo akiwatazama samaki wake zaidi kuliko alivyotutazama sisi wajukuu. Mwaka ule alikuwa ameshasimama kanisani na kutangaza kwamba sikukuu ya mavuno watu wote watakula samaki kutoka kwake. Maji yaliingia bwawani kwa mwanzi mmoja mnene uliotobolewa ndani na kulazwa kutoka kwenye mfereji. Ukiuchomoa mwanzi, maji yanapita zake kuelekea bondeni na bwawa linabaki salama. Kwa hiyo kila siku ya kuogesha ng'ombe, ilitakiwa babu aambiwe kwanza achomoe mwanzi, aurudishe kesho yake maji yakiwa yameshasafika.

Kumwambia ndiko kulikokuwa na kazi. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii, hamtaji jina, hapiti anapopita. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, mwanamke anaruka pembeni, anachuchumaa na kujifunika kitenge kichwani mpaka mzee apite. Kwa majirani wengi mambo hayo yalikuwa yameshalegea, wakwe walipeana mikono hata mlangoni mwa kanisa, lakini babu yangu hakulegeza kitu. Tangu mama alipoolewa, miaka kumi na miwili, hakuna kati yao aliyewahi kuuona uso wa mwenzake. Waliishi umbali wa kuitana, wakila ndizi za shamba moja, na kila neno kati yao lilipita mdomoni mwangu. Mama alisema, "Kamwambie babu yako leo naogesha." Nikashuka, nikavuka mfereji, ambao haukuwa na daraja, maji yakinifika magotini, nikamkuta babu na kumwambia. Babu naye alinijibu mimi, kwamba nimwambie amesikia, akaenda kuchomoa mwanzi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa darasa la tatu na wazee wawili hawakuweza kusemezana bila mimi.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya jua kavu, umande ulikuwa umeshakauka na njia zilikuwa zinatimua vumbi. Asubuhi ile nilisahau kufunga lango, ndama akaingia bustanini na kuvuruga kitalu cha miche ya kabichi. Mama alipoona hakuuliza nani. Alivunja tawi la utupa kwenye ua akanichapa miguuni na mgongoni mpaka tawi likaisha majani, kisha mpaka likakatika, kisha akavunja jingine. Alikuwa akichapa kwa mkono uleule na kwa nguvu ileile aliyoitumia kwa fuko. Alipochoka alifuta jasho, akachungulia dawa yake kwenye pipa, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ngozi yangu haikuwa inawaka moto, "Nenda kamwambie babu yako leo naogesha."

Nilikwenda mpaka kwenye migomba, nikakaa chini nyuma ya shina moja nene. Sikushuka mferejini. Nilikaa pale nikilia kwa hasira, nikichana ganda kavu la mgomba vipande vipande, nikapima moyoni muda unaotosha kwenda na kurudi. Watu hunitetea ninaposimulia habari hii, wananiambia mtoto hajui alitendalo. Nilijua. Nilijua mwanzi hautachomolewa na samaki watakufa. Nilichofikiri ni kwamba watakufa wachache, babu atafoka, mama naye ataonja kidogo kufokewa. Muda ulipotimia nilirudi nikasema nimemwambia. Mama aliuliza amesemaje, nikasema amesema amesikia. Alinitazama taratibu kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mimi nikadhani anaziangalia alama za fimbo. Kisha alibeba ndoo ya dawa, akafungua ng'ombe na kuwashusha mferejini.

Saa nane mchana baba mdogo Ambakisye alipiga yowe. Watu wakakimbia kutoka pande zote wakidhani kuna aliyezama, nami nikakimbia nao. Perege walikuwa wanapanda juu ubavuubavu, midomo wazi, wakizunguka na kugongana, na wengine walikuwa wameshageuza matumbo meupe. Hawakuwa wachache. Maji yote yalikuwa yanachemka kwa samaki wanaokufa. Ambakisye aliruka ndani na nguo zake, akawachota kwa mikono miwili na kuwarushia mferejini, kana kwamba humo ndimo kwenye usalama, akiwakanyaga wengine kwa miguu, akilia kwa sauti na matusi. Babu aliinama kwenye ukingo, akachomoa mwanzi, akaubeba begani na kuuvuka mfereji kuja kwetu. Sikuwa nimewahi kumwona babu akivuka mfereji ule maisha yangu yote.

Mama alikuwa uani anamfunga ndama. Aliposikia sauti za wanaume alifanya kile alichofanya miaka kumi na miwili, alichuchumaa palepale, akageukia ukuta na kujifunika kitenge. Babu alimpiga hivyo hivyo amechuchumaa. Mwanzi ulikuwa bado unachuruzika maji kwa ndani, na kila aliponyanyua maji yalimrukia yeye mwenyewe usoni. Alimpiga mgongoni, mabegani, kichwani, na mama hakupiga kelele wala hakujitetea, kwa sababu desturi ilimfunga mdomo mbele ya mzee huyo. Aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, nikasikia mlio mfupi, mkono ukashuka vibaya. Mwanzi ulipasuka kwa urefu, na mwanzi uliopasuka unakata. Kitenge kikaanza kulowa damu. Upande wa pili Ambakisye alikuwa ameshika nyengo, lile panga letu la mpini mrefu la kufyekea, akaukata ua wa utupa kichaka kwa kichaka, kisha akaingia kwenye kabichi, kisha kwenye maharage. Majirani walijaa nje ya ua. Kulikuwa na wanaume kumi na kitu pale, wenye nguvu zao, na walisimama wakitazama.

Babu alipoishiwa pumzi alisimama juu yake akihema. Hakuweza kumwuliza mama lolote, kwa hiyo alinigeukia mimi.

"Gwe mwana," alisema. "Mama yako alikutuma kwangu leo?"

Watu wote walinigeukia. Mama alikuwa hatua nne kutoka niliposimama, amejikunja chini ya kitenge, na niliona kitenge kimetulia, anasikiliza. Ningesema ndiyo, mwanzi ule ungekuja kwangu. Ngozi yangu ilikuwa bado inawaka kwa fimbo za asubuhi na nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Hapana, babu," nilisema.

Hapo ndipo mama alipokivuta kitenge kutoka kichwani na kuinua uso. Hakumwangalia babu, aliniangalia mimi, kupitia pembeni mwa miguu ya mzee. Uso ulikuwa na damu upande mmoja na haukuwa na machozi. Lakini babu alikuwa amesimama katikati yetu, akauona. Alirudi nyuma kama aliyeunguzwa, mwanzi ukamponyoka, akajifunika macho kwa kiwiko na kuondoka akijikwaa. Na majirani wale, waliotazama mkono unavunjwa wakiwa kimya, sasa ndipo walipopiga kelele. Walishtuka kwamba mke amemwonesha mkwe wake uso.

Mpaka leo nikifika kwenye sehemu hii damu inanichemka. Baba aliletewa habari, akafika kesho yake, akamrukia ndugu yake shingoni kabla hata ya kuniuliza mama yuko wapi, wakapigana uani mpaka Ambakisye akatema meno mawili. Kisha ukoo ukakaa kikao. Walikaa kutwa nzima wakila ndizi na maziwa mgando, wakazungumza juu ya uso. Uso ulioneshwa, adhabu yake nini, usafishwe vipi. Mzee aliyevuka mfereji na kuingia kwa mkwewe na fimbo hakutajwa, na samaki wenyewe walitajwa kwa masikitiko zaidi kuliko mkono wa mama. Mama alitoka hospitali na mkono umefungwa, akapelekwa kwa mama yake Mpuguso, akaambiwa akae huko mpaka ukoo utakapomwita. Baba alirudi kiwandani. Mimi nikahamishiwa kwa babu, nimpikie na kumchotea maji, na kila mtu aliniita mtoto mzuri aliyesema kweli.

Fuko walirudi kabla mwezi haujaisha. Ua wa utupa ulikuwa umelala chini umekauka, hakuna aliyewategea, nao wakaingia kama wenye shamba. Walianza na viazi vitamu, wakaja magimbi, kisha migomba. Tulisikia migomba ikianguka mmoja baada ya mwingine mchana wakati hakuna hata upepo. Ambakisye aliwasaka kwa jembe akichimba kama kichaa, akafukua nusu ya shamba na kuua wawili. Babu akanunua dawa ya unga dukani, akaimwaga mashimoni. Siku ya tatu mbwa wetu alikula fuko aliyekufa, akaja kujinyoosha mlangoni, akitoa povu na kujiuma mguu wake mwenyewe mpaka akanyamaza. Kupe nao walijaa kwa ng'ombe mpaka masikioni. Ng'ombe mkubwa akashikwa na ndigana, homa iletwayo na kupe, akasimama siku mbili ameinamisha kichwa, akaanguka na kuharisha damu, Ambakisye akamkata shingo akiwa bado anatupa miguu. Sikukuu ya mavuno babu alikwenda kanisani na mikungu miwili ya ndizi changa iliyoangushwa na fuko. Niliketi nyuma yake nikiitazama shingo yake. Nilimchukia kwa alichomfanyia mama, na kila nilipomchukia nilikumbuka nani aliyekaa nyuma ya mgomba.

Wiki iliyofuata aliniita. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bwawa lililobaki tope, na alizungumza akitazama tope. Alisema, "Kamwambie mama yako arudi. Mwambie fuko wamemaliza migomba." Nilingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Kwa mtu kama yule hayo yalikuwa maneno mengi sana, na mpaka leo sijaamua kama yalitosha.

Nilipanda lori la chai mpaka njia panda, nikamalizia kwa miguu, safari nzima nikiyarudia maneno yale nisipoteze hata moja. Mama nilimkuta nyuma ya nyumba ya bibi akipalilia kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko, haukunyooka tena. Pembeni mwa shamba la bibi kulikuwa na mstari mpya wa miche ya utupa, bado mifupi. Nilimwambia ujumbe. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, akachomeka jembe ardhini, akanitazama.

"Babu yako amesema hivyo," aliuliza, "au umesema wewe?"

Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa jina la baba, nikaapa mpaka akaninyamazisha kwa mkono. Nilielewa kwamba anajua sikumfikishia babu ujumbe siku ile, na nilingoja fimbo, nikaitaka hata. Haikuja. Alinipa ndizi za kuchemsha na maharage, akakaa kunitazama nikila. Kesho yake tulirudi Masukulu pamoja, akiwa amefunga mbegu za utupa kwenye ncha ya kitenge chake. Hatukusemezana habari ile njiani, wala mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Utupa ulikua, fuko wakaondoka, mimi nikaendelea kuvuka mfereji kupeleka maneno, na sikuwahi tena kuongopa hata la salamu. Babu alikufa nikiwa nimeshaolewa. Mama alipika msibani kwa mkono mmoja na nusu na hakwenda kumwangalia kwenye jeneza.

Siku hizi mambo ni mepesi. Wakwe wanapigiana simu, wanatumiana picha za wajukuu. Nikifundisha vikundi vyangu kutwanga utupa, naanza na maji kabla ya jani: maji yanatoka wapi, yanakwenda kwa nani, na nani ataambiwa. Wanaona nachelewesha somo. Mama bado yuko Masukulu, mzee sasa, bado anaua tangu asubuhi. Ng'ambo ya mfereji baba mdogo Ambakisye ana mabwawa matatu yenye mabomba ya plastiki, na pengo lake la meno mawili, na wanapatana vizuri kuliko unavyoweza kuamini. Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia mama kuogesha ng'ombe. Tulikuwa tunatwanga kwa zamu, machozi yakinitoka kwa ule ukali, na sijui kwa nini ni siku hiyo, nilisema, "Mama, siku ya samaki sikufika kwa babu."

Hakusimamisha mchi. "Najua," alisema. "Miguu yako ilikuwa mikavu."

Nilidhani anamaanisha alikuja kufikiri baadaye, Mpuguso, mkono ukimuuma. Nilimwuliza alijua lini.

"Uliporudi. Kabla sijashusha ng'ombe."

Nilisimama pale mikono ikinining'inia. Nikamwuliza, na bado ukamwaga? Akatwanga mara tatu nne, akapumzika, akafuta jasho kwa ule mkono uliopinda.

"Nikamwaga," alisema. "Miaka kumi na miwili, mwanangu. Hata ng'ombe babu yako alikuwa anawaangalia usoni."

Nilikasirika kwanza, miaka yote ile nimeubeba mzigo peke yangu, kumbe tulikuwa wawili. Kisha nikakumbuka vile alivyoinua kitenge, na nikajua kwamba nilikuwa nimeusoma vibaya uso ule tangu utotoni. Sikuwa nimemsingizia mtu asiye na hatia. Alikuwa amesikia hasira yake mwenyewe ikitoka mdomoni mwa mtoto wake, na akaamua kumwona huyo mtoto vizuri. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele, nikashika mchi nikatwanga.

Kesho yake, alipomaliza kuchuja, alinyanyua macho, akasema, "Kamwambie Ambakisye afunge maji." Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na namba ya baba mdogo ninayo. Siku hizi kuna daraja la mbao. Nilivua viatu nikaviacha mlangoni, nikashuka, nikapita mferejini penyewe, maji ya baridi yakinifika chini ya magoti, nikamkuta mzee Ambakisye, nikasimama nikamwangalia akifunga bomba moja, la pili, la tatu. Nikarudi njia ileile. Mama alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Nikasema nimemwambia. Hakuuliza amesemaje. Aliinamisha kichwa, akaniangalia miguu, maji yakichuruzika kwenye vumbi, kisha akamshusha ng'ombe.